Kijana wa Kijapani na hesabu ya kuoa

Haipiti miezi mingi bila mtandaoni kuzuka habari ya Mjapani aliyeoa mdoli au katuni, na watu wanacheka mpaka basi. Kweli yupo aliyefanya harusi na Hatsune Miku, mwimbaji wa kompyuta, mwaka 2018. Ila ukimfanya huyo kuwa kielelezo cha vijana wa nchi nzima, umeshapotea njia. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2021, makapera wa kiume wa miaka 18 hadi 34 waliosema wanakusudia kuoa siku moja walikuwa asilimia 81. Katika kundi hilohilo, asilimia 72 hawakuwa na mpenzi. Kwa nini watu wanataka kitu na hawakifuati? Haya za vijana na michezo ya video hutajwa mno, na kwa maoni yangu zinabebeshwa mzigo usio wao. Mambo makubwa ni mawili: mshenga kaondoka, na ajira imeharibika.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, karibu ndoa 7 kati ya 10 zilipitia omiai. Mtu mzima anayeheshimika alipeleka picha na maelezo ya kijana, familia zikakutana, wahusika wakatazamana, jibu likarudi kwa mshenga yuleyule. Miaka ya 1960 ndoa za kupendana zilipozizidi hizo, watu walidhani vijana wameanza kujitegemea. Wapi! Ushenga ulihamia kazini. Kampuni iliajiri wasichana wa ofisi, ikawaweka karibu na vijana wa kiume, na wakubwa wa idara wakaona ni wajibu wao kumsukuma kapera aoe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bado ndoa kama 1 kati ya 3 ilianzia kazini. Mwanaume hakulazimika kujua kutongoza; alihitaji kuajiriwa tu. Mwaka 1970, wanaume waliofika miaka 50 bila kuoa hata mara moja hawakufikia 2 kati ya 100. Sensa ya 2020 ilikuta 28.

Katikati ya miaka hiyo uchumi ulipasuka, mwaka 1991. Kampuni zikafunga milango kwa wahitimu kwa zaidi ya miaka 10, na sheria za kuazima wafanyakazi kupitia mawakala zikalegezwa mwaka 1999, kisha viwandani mwaka 2004. Wakazaliwa wanaume wa mkataba: kazi ileile, mshahara mdogo, hakuna bonasi ya maana, hakuna uhakika wa mwakani. Mwanaume asiye na ajira ya kudumu hupata wastani wa yeni milioni 2.7 hivi kwa mwaka. Kati ya wanaume wa miaka 30 hadi 34 wenye ajira ya kudumu, karibu 6 kati ya 10 wameoa. Kwa wenzao wa mkataba ni kama 2 tu. Mimi sihitaji nadharia ya utamaduni baada ya kuziona takwimu hizi mbili.

Na aliye peke yake sasa lazima ajisemee. Japani uchumba una mlango rasmi uitwao kokuhaku: baada ya kutoka pamoja mara mbili tatu, mtu, kwa kawaida mwanaume, anasema waziwazi kwamba anampenda mwenzake na anaomba wawe wapenzi. Kabla ya hapo nyie si kitu. Akikataliwa na mwenzake wa kazini, kesho asubuhi wanakaa meza za jirani, na akirudia ombi anaweza kujikuta kwenye malalamiko ya unyanyasaji. Sheria inayozuia unyanyasaji huo ni ya haki kabisa, wanawake walivumilia mengi. Matokeo yake lakini ni kwamba kijana mwangalifu hasemi kitu.

Njia inayobaki ni wakala wa ndoa au programu ya simu. Kwa wakala unapeleka cheti cha manispaa kuthibitisha hujaoa, cheti cha elimu na hati ya mapato. Ukikubaliwa, mnakutana saa moja hivi kwenye ukumbi wa hoteli, mnakunywa chai, kisha kila mmoja anamjibu wakala wake bila kukawia. Wote wakisema ndiyo, inaanza hatua ya majaribio, ambapo kila mmoja anaruhusiwa kuonana na wengine pia. Halafu unabaki na mmoja, na katika miezi 3 hadi 6 posa iwe imetoka. Utaratibu mzuri, naupenda. Unapokwama ni kwenye kichujio cha mapato. Mwanamke akiweka kiwango cha chini kuwa yeni milioni 5, anadhani ameomba mtu wa kawaida, kumbe mwaka 2023 wastani wa wanaume wa miaka 30 hadi 34 haukufika hapo. Jina la kijana halitokezi hata kwenye kioo cha simu. Hakukataliwa, hakuonekana.

Wala simlaumu mwanamke. Katika nyumba zenye mtoto wa chini ya miaka 6, mke hutumia saa 7 na dakika 28 kwa siku kwa kazi za nyumbani na malezi, mume saa 1 na dakika 54. Anayejua atabeba mzigo huo, pengine kwa kuacha kazi, atauliza mapato. Mwanaume naye anajua ataulizwa. Anatazama chumba chake cha mita 20 za mraba, duka la saa 24 pale chini, mgahawa wa rameni, yaani tambi za supu, wenye viti vya mtu mmoja mmoja vilivyotengwa kwa ubao, na anaona maisha ya peke yake hayana aibu wala njaa. Wapo wasiotaka mapenzi kabisa, hilo nalikubali. Wengi zaidi wamejitoa kabla ya kuenguliwa.

Ili watoto waongezeke, serikali inamwaga fedha kwenye posho za watoto, wakati wanandoa waliodumu miaka 15 hadi 19 wana wastani wa watoto 1.9, na wanaozaliwa nje ya ndoa ni kama 2 tu kati ya 100. Tatizo liko mlangoni, siyo chumbani. Jiji la Tokyo angalau limeligundua: Septemba 2024 lilizindua programu yake ya kuwakutanisha makapera, ada yeni 11,000 kwa miaka 2, pamoja na mahojiano ya kuthibitisha kwamba mtu ni yeye kweli. Miongoni mwa nyaraka za kujiandikishia ipo hati ya mapato.