Shahidi wa Kuzaliwa

Sina ugomvi na wauguzi wa zamu ya usiku. Mtu anayezalisha wanawake kadhaa peke yake, kisha akatakiwa kujaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi), rejista na kadi ya kliniki kabla jasho halijamkauka, anastahili pole kabla ya lawama. Ugomvi wangu ni na karatasi, ambayo ikishagongwa muhuri huaminiwa kuliko mama watoto wangu, ambaye uchungu ule aliusikia kwa kiuno chake mwenyewe.

Binti yetu alizaliwa Alhamisi, saa nne usiku. Huo, kama bibi yake anavyohesabu, ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na rejista nayo ikaandika Ijumaa. Kadi ya kliniki ilishika Alhamisi, ila ikaandika "4:00" bila kusema ni ya lini, na kompyuta ya kituo, ambayo haijui kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, ikaisoma kuwa alfajiri, wakati ambapo mzazi mwenyewe alikuwa bado amelala nyumbani na tumbo lake.

Mkunga alipoifungua rejista ili tulinganishe, jicho langu lisilo na adabu likateremka hadi mwisho wa ukurasa. Kila mtoto wa usiku ule alikuwa na kilo 2.5, 3.0 au 3.5, kana kwamba wamepimwa dukani kwa mawe ya mizani. Na kwa kuwa anayepungua 2.5 huhesabiwa kuwa mwenye uzito pungufu, nadhani mizani iliwahurumia wengine. Halafu kuna alama za Apgar. Daktari Virginia Apgar wa Marekani alichapisha kipimo chake mwaka 1953, ili mapigo ya moyo, pumzi, rangi, misuli na mwitikio wa mtoto vipewe alama, jumla hadi 10; siku hizi hupimwa dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa. Binti yetu, aliyesuguliwa mgongo kwa nguvu ndipo akalia, alipata 9 kisha 10, sawasawa na wenzake wote. Darasa zima likifaulu namna hiyo shuleni, matokeo hufutwa.

Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, nasi tuliwahi.

"Baba, mfumo unakataa," akasema karani, "tarehe hazifanani, na Mwanaidi wa kwenye kadi si Mwanahidi wa kwenye tangazo la kizazi. Leteni kiapo cha wakili."

Yaani mke wangu alipe fedha ili aape kwamba yeye ndiye yeye, na kwamba siku aliyojifungua alikuwepo.

"Mama, hatukatai maneno yako," karani akaendelea kwa upole, "lakini nani mwingine alishuhudia?"

Mama watoto akamwinua binti yake juu ya meza.

"Huyu hapa."

Karani akamtazama mtoto kwa makini, akashika kalamu.

"Ana kitambulisho?"