Mpeni Süssmayr haki yake

Waulize wanakwaya Misa ya wafu ya Mozart ni ya nani, watakushangaa: si umeshamtaja mwenyewe? Mimi jibu hilo halinitoshi tena. Ndani ya kazi ile yumo mtu wa pili, Franz Xaver Süssmayr, mtunzi aliyeimalizia, na kwenye karatasi nyingi za ratiba za tamasha jina lake halipo.

Mozart alifariki Vienna usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na miaka 35. Alichokuwa amekimaliza kabisa, waimbaji na ala zote, ni kipande cha kwanza tu, chenye maneno ambayo Mkatoliki wa kwetu ameyasema katika kila msiba: raha ya milele uwape, ee Bwana. "Bwana Utuhurumie" ilikuwa imebakia kidogo ikamilike. Kuanzia "Dies irae" (siku ya ghadhabu) aliacha sauti nne, mstari wa besi na vidokezo vya ala hapa na pale. "Lacrimosa" (siku ya machozi) ilikatika baada ya vipimo 8 vya muziki. "Mtakatifu" na "Mwanakondoo" hazina hata karatasi moja iliyobaki yenye mwandiko wake.

Mjane wake, Constanze, alibaki na watoto wawili, mmoja bado ananyonya, na madeni juu. Aliyeagiza kazi, kabaila aitwaye Franz von Walsegg, aliitaka kwa ajili ya mkewe Anna aliyefariki Februari mwaka huohuo. Alikuwa ametoa malipo ya awali. Yaliyosalia yangekuja kazi ikikamilika. Constanze akamwendea kwanza mtunzi Joseph Eybler. Eybler alipanga ala za vipande kadhaa, akafika "Lacrimosa", akaongeza vipimo 2 vya soprano, akarudisha karatasi. Naelewa kwa nini. Nani angekuwa na ujasiri wa kuandika noti inayofuata ile ya Mozart? Süssmayr, kijana wa miaka 25, ndiye aliyeuthubutu.

Wasomi wamemlaumu, na lawama nyingine ni za kweli. "Hosana" yake, inayofunga "Mtakatifu", ni fupi mno, inaisha kabla hujashika pumzi. Tena mara ya kwanza doh, yaani noti ya msingi, ni D, na inaporudi baada ya "Benedictus" (mbarikiwa) doh ni B bapa, jambo lisilo la kawaida katika misa za wakati ule. Lakini msikilize kwenye "Mwanakondoo". Kwaya inapoomba, besi wanabeba chini yake tuni ileile iliyofungua misa. Hata msomi Richard Maunder, aliyeiondoa "Mtakatifu" yote katika toleo lake la misa hii, "Mwanakondoo" aliiacha, kwa kuamini kwamba lazima ina mkono wa Mozart. Labda. Mimi naona si haki kila kibaya kiwe cha Süssmayr na kila kizuri kiwe cha marehemu.

Sahihi ndiyo siwezi kumtetea. Kwenye nakala iliyopelekwa kwa Walsegg aliandika jina la Mozart kwa kuiga mwandiko wake, na mwaka 1792. Ulikuwa udanganyifu, hata kama ulilisha watoto. Walsegg naye akainakili kwa mkono wake, akaweka jina lake kama mtunzi, akaiongoza Desemba 1793. Basi misa moja ilipita mikononi mwa watu kadhaa, na aliyeketi akaimaliza hakuweka jina lake. Alijitokeza mwaka 1800 tu, katika barua kwa wachapishaji Breitkopf & Härtel, akieleza alichokiandika yeye.

Leo yapo matoleo mengi yaliyosahihishwa, la Franz Beyer, la Robert Levin na mengine. Levin ametunga "Amina" ndefu mwishoni mwa "Lacrimosa" kutokana na rasimu ya Mozart iliyogunduliwa karne ya 20. Ni kazi ya ustadi, na kwaya yenye nguvu itaifurahia. Ila ningepewa kuchagua, ningeimba ya Süssmayr: "Amina" ya akodi mbili tu, yaani sauti zote zikilia pamoja mara mbili. Baada ya machozi yale yote, kwaya haina cha kuongeza, na kijana yule alilijua hilo. Viongozi wa kwaya, mkiipanga Novemba hii, andikeni majina yote mawili kwenye ratiba.