Asilimia 10 ya tornado sio uongo

Kila Novemba ni yale yale. Watabiri wa Marekani wanasema jioni hii kuna radi kali na hatari ya tornado, yaani ule upepo mkali unaozunguka kama bomba kutoka mawinguni hadi ardhini, asilimia 10, watoto wanarudishwa nyumbani mapema, kwaya inaahirishwa, halafu usiku inapita mvua tu. Asubuhi Waswahili wa majimbo ya Kentucky na Indiana wanaanza: hawa jamaa wanatutisha bure.

Malalamiko yana msingi, sikatai. Hata zile tahadhari za dakika za mwisho, za kwamba tornado iko karibu, takriban saba kati ya kumi huisha bila tornado yenyewe, na mtu aliyeacha zamu ya kazi mara tatu bure, ya nne hanyanyuki kitandani.

Ila hiyo 10 tunaisoma vibaya. Kituo cha utabiri kilichoko Norman, Oklahoma, kinachochora ramani za hatari hizo, kinamaanisha uwezekano wa tornado kutokea ndani ya kilomita 40 hivi kutoka ulipo, na siku ya kawaida haifiki hata asilimia 1. Kwahiyo 10 ni kubwa sana, na bado mara tisa kati ya kumi hutaona kitu, hapo hajadanganywa mtu. Msimu huu wa majani kuanguka ndio mgumu zaidi, maana upepo wa juu una nguvu na unageuka mwelekeo kadiri unavyopanda, lakini joto na unyevu wa kutoka Ghuba ya Meksiko unakuja kwa kusuasua, ukichelewa masaa mawili hakuna kitu, ukiwahi basi mawingu yanaanza kuzunguka na giza limeshaingia, hata ukichungulia dirishani huoni.

Mimi huwa naifikiria Evansville, Indiana. Tarehe 6 Novemba 2005, kama saa nane usiku, tornado ilipita kwenye mtaa wa nyumba za trela, zile nyumba nyepesi zinazoletwa zimeshajengwa. Usiku ule walikufa watu 25, na 20 kati yao walikuwa mtaa huo mmoja. Tahadhari ilitolewa kabisa, watu walikuwa wamelala. Mwaka 2007 jimbo likapitisha sheria kwamba trela mpya ziwekwe redio ya hali ya hewa, na ni sheria nzuri, lakini hebu fikiria redio imekuamsha, una dakika kumi ukibahatika, unapapasa viatu gizani, unambeba mtoto, unafungua mlango mvua inakupiga usoni, sasa unakimbilia wapi? Trela haina chumba cha chini ya ardhi cha kujificha.

Ndio maana kwa mtu wa trela utabiri wa saa kumi jioni, pamoja na wasiwasi wake wote, una thamani kuliko king'ora cha saa nane usiku. Mama mdogo wangu anakaa trela, mwaka jana baada ya utabiri kama huo alinipigia kesho yake, "Mwanangu, mbona haikuja? Nimelala kwa watu bure." Nikamwambia mama mdogo, hujalala bure, ulilala kwenye nyumba ya matofali usiku wa hatari.

Ninachowadai watabiri ni lugha. Onyo la kwamba hali inaweza kuchafuka na lile la kwamba tornado imeonekana kwenye rada, yote yakifika kwetu yanaitwa "tahadhari", wakati Tanzania Mamlaka ya Hali ya Hewa inatenganisha angalizo na tahadhari, na mama mdogo maneno hayo anayajua tangu hajapanda ndege kuja huku.