Yadi za Simu na Macho ya Kedi

Kwenye viwanja vya gofu vya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala utamkuta mchezaji anayeapa kuwa programu ya GPS ya kupima umbali kwenye simu imemwokoa, na mwenzake anayeona inaua mchezo. Kisheria ubishi huo ulikwisha. Tangu Januari 1, 2019, Kanuni ya 4.3 ya R&A na USGA, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, inaruhusu kifaa cha kupima umbali, simu ikiwemo, isipokuwa kamati ya mashindano iwe imetangaza kukikataza. Zamani ilikuwa kinyume: kilikatazwa mpaka kamati ikiruhusu. Linalotubakia ni kujua ile namba ya yadi inatuambia nini, na inatuficha nini.

Nianze na wanaodai kuwa GPS ya simu haiaminiki. Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea mahali ulipo kwa mita 5 hivi, yaani yadi 5 na nusu. Kati ya fimbo namba 7 na namba 8, wengi wetu tuna pengo la yadi 10 hadi 15. Kosa la simu basi ni kama nusu ya pengo hilo au pungufu. Mwenye handikapu ya 18, yaani mchezaji wa kawaida tu, apige namba 7 mara kumi, kisha apime mipira yake ilivyotawanyika: simu itaonekana ndiyo makini kuliko mikono yake. Ni kweli kwamba chini ya miti mirefu, kama ile ya viwanja vya Karen na Muthaiga jijini Nairobi, kosa huongezeka kwa kuwa majani hukinga mawimbi ya setilaiti. Lakini huko mitini ndiko usikoiona alama ya kiwanjani inayoonyesha yadi 150, na namba yenye kasoro kidogo inashinda kukisia. Hoja hii naiona dhaifu.

Udhaifu wenyewe uko kwenye grini, lile eneo la majani mafupi lenye shimo. Programu nyingi hutoa namba tatu: umbali hadi mbele, katikati na nyuma ya grini. Shimo lakini huhamishwa mara kwa mara na watunza kiwanja, na simu haijui leo limechimbwa wapi. Grini yenye kina cha yadi 30 ina yadi 15 kutoka katikati hadi ukingo, na hiyo ni tofauti ya fimbo nzima. Mtu anasoma 145, anapiga 145 safi kabisa, anakuta bendera ya shimo iko nyuma kule na ana pati, ule mkwaju wa kuviringisha mpira shimoni, ndefu ya kutisha. Halafu kuna ramani. Imechorwa kutokana na picha za angani; klabu ikiijenga upya grini na ramani isiguswe, simu inakupimia grini isiyokuwepo tena.

Kifaa cha leza hupima umbali hadi bendera yenyewe, kwa kosa la yadi moja hivi, ila sharti uione, na bei yake si ya kila mfuko. Haitakuambia yadi za kuvuka bwawa lililojificha nyuma ya kilima. Simu itakuambia. Kwangu hapo ndipo simu inapolipa: si kukupa bendera, bali kukuonyesha mahali pa kukwepa.

Kisha kuna hewa. Nairobi imekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa hewa nyepesi mpira huenda mbali kuliko pwani kwa takriban asilimia 6. Anayepiga fimbo yake yadi 150 Mombasa atapata kama 159 Nairobi. Simu haijamdanganya, yadi 150 ni zilezile. Kilichobadilika ni mwendo wa mpira. Programu nyingine hujitolea kukokotoa mwinuko na upepo, na hata kukuchagulia fimbo. Kwenye mashindano, hapo ndipo Kanuni ya 4.3 inapokaza: kipengele hicho kinaweza kuwemo kwenye simu, lakini usikitumie. Ukikitumia katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, kosa la kwanza ni mikwaju 2 ya adhabu. La pili, unatolewa.

Mpaka huo una maana kubwa kwetu kuliko tunavyoukiri. Sheria imeiruhusu simu itaje umbali, na kuikataza isichague fimbo. Anayeruhusiwa kukushauri juu ya fimbo ni kedi wako, yule anayekubebea mfuko wa fimbo, au mwenzako mnaocheza upande mmoja. Afrika Mashariki kedi si pambo. Ni riziki ya nyumba nyingi, na wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianzia kwenye kubeba mifuko. Hofu kwamba simu itamgeuza kedi kuwa mchukuzi tu naielewa, na nimewaona wachezaji wanaomfanya hivyo: macho kwenye skrini, kedi amesimama kimya. Hiyo ni hasara ya mchezaji. Kutaja yadi ni sehemu ndogo ya kazi ya kedi. Upepo wa alasiri, grini iliyokauka inayorusha mpira mbele, pati inayopinda upande usioutarajia: hayo hayako kwenye setilaiti.

Kuhusu kasi ya mchezo, PGA of America, chama cha wataalamu wa gofu Marekani, iliruhusu vifaa hivi kwenye mashindano yake makubwa, PGA Championship, ya 2021 pale Kiawah Island, aliposhinda Phil Mickelson akiwa na miaka 50, na kuharakisha mchezo ilikuwa mojawapo ya sababu zake. Nakubali, kwa sharti moja. Sheria inahimiza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40. Anayesoma simu akitembea kuufuata mpira anaokoa muda. Anayefika kwenye mpira ndipo aitoe mfukoni, aifungue, ajibu ujumbe kwanza, anawachelewesha kundi la nyuma na la nyuma yake.

Mimi huipakua ramani nyumbani ili nisitegemee mtandao, na huzima kila kipengele cha mwinuko kabla ya shimo la kwanza. Nikikaribia mpira namtajia kedi namba mbili tu, mbele na nyuma ya grini. Yeye anaitazama bendera, anatazama vilele vya miti, kisha anashika fimbo moja mfukoni. Mara nyingi si ile niliyokuwa nimeiwaza.