Umati wa Kondele haujakosa utu

Ajali ikitokea Kondele, Kisumu, jioni maneno ni yale yale: watu wa siku hizi wamekosa utu, kazi yao kupiga picha tu. Mimi sikubali. Asiye na utu havuki barabara mbio kwenda kumwona aliyegongwa. Hawa wamefika. Kinachowashinda ni wingi wao.

Mwaka 1968, wanasaikolojia wa Marekani John Darley na Bibb Latané waliwafanya wanafunzi wasikie kwenye hedifoni mtu akishikwa na kifafa. Kati ya walioamini kwamba ni wao pekee wanaosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia pia? Asilimia 31. Na waliobaki kitini hawakuwa wametulia. Baadhi mikono ilikuwa ikiwatetemeka.

Sisi tunaongeza hofu zetu. Ukimbeba majeruhi, utaambiwa uandikishe taarifa polisi, kisha uanze safari za kortini kwa kesi inayoahirishwa kila mara. Hospitalini wewe ndiwe utakayeulizwa nani analipa, ijapokuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. (Kusita nako kuna mahali pake. Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka lilishika moto na kuua zaidi ya watu 100. Penye harufu ya petroli, kaa mbali.)

Lakini umati huo huo hugeuka mtu mmoja akianza kugawa kazi. Nimemwona mama muuza omena akifanya hivyo pale Kondele, bodaboda ilipogongwa na matatu. Hakupaza sauti "saidieni jamani!", maana hapo kila mtu humtazama jirani yake. Alinyoosha kidole: "Wewe wa rifleketa, simamisha magari. We wa jezi ya Gor, piga 999. Nyinyi wawili, msimwinue, shingo hiyo!" Leso yake akaikunja, akaikandamiza juu ya paja lililokuwa likivuja damu. Simu zilirudi mifukoni zenyewe.

Ningekuwa na usemi kwenye kaunti, pesa za mafunzo ya huduma ya kwanza ningezipeleka kwenye steji za bodaboda kabla ya kununua ambulensi nyingine. Wao wako kila kona, na mara nyingi hufika kabla ya king'ora.