Machungwa yakijaa, tusimkamue mkulima

Kipupwe kikiingia, machungwa ya Muheza hujaa Tanga mjini mpaka yakakosa pa kuwekwa. Yanakuja na mafuso, yanakuja na baiskeli zilizofungwa matenga huku na huku. Pale soko la Mgandini yanamwagwa juu ya turubai, na mitaa ya Ngamiani kila kona unakuta beseni la machungwa yaliyomenywa. Ni wakati mtamu wa kuishi katika mji huu. Lakini wakati huohuo sisi wanunuzi tunakuwa wakali kuliko msimu mwingine wowote. Fungu la machungwa matano tunataka liwe la manane, kisha tunadai nyongeza, na muuzaji akisita tunammaliza kwa maneno yanayoniumiza kila ninapoyasikia: "Kwani utayapeleka wapi? Si yataoza tu."

Nasema kwa moyo wangu wote: neema ya msimu haitupi haki ya kumkamua aliyeilima. Huo ndio wakati anaotuhitaji.

Mwenye michungwa hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Palizi, dawa ya wadudu, vibarua wa kuchuma, ada na sare za watoto, bati la nyumba, vyote vinangoja wiki chache za mavuno. Bei ikianguka katika wiki hizo, hakuna wiki nyingine ya kufidia. Mnunuzi wa mjini anao mwaka mzima wa kununua, mkulima anayo miezi michache ya kuuza.

Tena wengi wao sokoni hawafiki kabisa. Mnunuzi wa jumla humfuata mkulima shambani matunda yakiwa bado machanga, wakapatana bei ya shamba zima, akaacha kishika uchumba, kisha akarudi na vijana wake kuchuma. Mkulima aliyebanwa na ada ya mtoto mwezi wa kwanza atakataa vipi? Anapokea alichopewa, na mvua ikinyesha vizuri, faida ya mvua ile inakwenda kwa mwingine. Siwalaumu wafanyabiashara wanaotoka Kenya na Dar es Salaam na malori yao, kwa sababu bila wao machungwa mengi zaidi yangeozea chini ya miti. Tatizo ni kwamba mkulima ana mlango mmoja tu wa kuuzia. Mlango wa pili ni sisi watu wa Tanga, tulio mwendo wa kilomita zisizozidi arobaini hivi kutoka Muheza. Reli ilifika Muheza kutoka hapa mwaka 1896. Umbali haujawa kisingizio tangu zama za mababu zetu.

Viazi na kabichi za Lushoto nazo zina balaa lao, lumbesa: gunia linarundikwa mpaka juu ya mdomo, likashonewa kamba, likaitwa gunia moja. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa imepigwa marufuku, lakini tunaiona kwa macho yetu. Anayenunua fungu la viazi rejareja hudhani mambo hayo hayamhusu. Yanamhusu, maana mkulima akidhulumiwa miaka mitatu mfululizo, mwaka wa nne anang'oa viazi na kupanda kitu kingine, au anakuja mjini kuendesha bodaboda.

Kuna jambo jingine kuhusu machungwa ambalo lazima niliseme. Wapo watu wa mji huu, wenye uwezo, wanaoyapita machungwa ya Muheza kwa sababu ganda lake ni la kijani, wakaenda kwenye duka kubwa kununua yale ya rangi ya kung'aa yaliyosafirishwa kwa meli. Wanadhani kijani maana yake ni uchanga. Chungwa hubadilika rangi ya ganda usiku unapokuwa wa baridi, na huku kwetu pwani baridi hiyo haipo, kwa hiyo linaiva kabisa ndani likiwa kijani nje. Mama mmoja aliyekuja na machungwa ya shamba lake mwenyewe kutoka upande wa Bondei ndiye aliyenifundisha kuchagua. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu, usiangalie rangi, pima mkononi." Lililo zito kuliko umbo lake lina maji, na ganda laini lisilo na mabonde mengi kwa kawaida ni jembamba. Maarifa kama hayo huyapati kwenye friji la dukani. Ukinunua kwa aliyelima, unanunua na anachokijua.

Sasa niende jikoni, kwa sababu huko ndiko neno langu linakopimwa. Hatuwezi kusema tunawapenda wakulima wetu huku sufuria zetu zinapika vilevile Januari mpaka Desemba: wali, maharage, kabichi, nyanya za kulazimisha hata pale zinapouzwa ghali. Wazee wetu walipika kwa kusikiliza upepo. Kusi ikivuma bahari inachafuka, wenye ngalawa na mitumbwi hawaendi mbali, na samaki wanapanda bei. Hapo ndipo mbaazi zinapokomaa. Mbaazi mbichi za kijani, zilizotoka kwenye maganda yake asubuhi ileile, zikaungwa kwa tui zito, kitunguu na pilipili mbuzi, hazihitaji samaki pembeni. Ukitaka kuzila kwa vitumbua au mahamri, sawa, ukitaka kwa wali, sawa. Kisha upepo unageuka, kaskazi inatuliza bahari, changu na tasi wanajaa pale soko la samaki la Deep Sea, na wakati huohuo maembe mabichi yanaanza kuning'inia. Ndipo unapopika mchuzi wa samaki wa embe: embe mbichi dodo au bolibo, likatwe vipande na ganda lake kama bado ni changa, litiwe mwishoni lisivurugike. Ukwaju utausahau. Upepo mmoja umekuletea samaki na kiungo chake pamoja, na watu wa pwani walilijua hilo kabla ya mtu yeyote kuandika kitabu cha mapishi.

Masika ni ya majani. Matembele, mchicha, mnavu, majani ya kunde, majani ya maboga, kisamvu, mchunga. Mvua ikishika, mafungu haya yanauzwa kwa bei ndogo sana Makorora na Mgandini, na bado nyumba nyingi zinapika kabichi. Nimewahi kusikia kijana akisema mchunga ni chakula cha bibi kizee. Namwambia ajaribu hivi: aununue kabla haujatoa maua, auchemshe, amwage maji ya kwanza, kisha auunge kwa kitunguu na tui, aulie bada la muhogo na papa mkavu. Uchungu unaobaki ndio unaoita tonge linalofuata.

Kisamvu nitakaa nacho kidogo, maana ndicho kinachoonewa zaidi. Watu wanakiharakisha. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi, na inayoitoa ni kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa hiyo kinu hakiko pale kwa mila peke yake. Chagua majani machanga ya juu. Yatwange mpaka yalainike kabisa, usiyasage nusunusu. Yachemshe kwanza bila kitu, maji yakauke na harufu mbichi iishe, kisha ndipo uongeze tui jepesi, baadaye karanga zilizosagwa, na tui zito mwisho kabisa, moto mdogo, bila kufunika. Chumvi nayo ingoje mwisho. Tui hilo lina kazi zaidi ya utamu: vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani inahitaji mafuta ili mwili uipate. Na ukimpa mtoto chungwa baada ya mlo huo, vitamini C yake inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye majani. Muhogo na nazi za Pangani, chungwa la Muheza, kinu cha nyumbani. Sioni kilichopungua hapo.

Viungo navyo viko jirani. Kule Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, watu wa milimani wanalima iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, na mazao hayo yanateremka Muheza kila msimu. Pilau ya Tanga ina sifa yake. Inastahili iliki iliyovunwa mlimani kwetu, mbichi na yenye nguvu, kuliko unga wa pakiti uliokaa ghalani mpaka ukapoteza harufu.

Msimu wa embe na fenesi mambo yanakwenda mbio, kwa hiyo lazima tuhifadhi. Achari ya embe wengi tunaijua, ila tumeiachia watu wachache kututengenezea. Kokwa za fenesi tunazitupa, nazo zikichemshwa kwa chumvi au zikichomwa kwenye jivu ni kitafunwa kizuri cha chai. Na plamsi na mapeasi ya Lushoto yanaposhuka mjini mwanzo wa mwaka, hayadumu joto la pwani, yanunuliwe kidogo kidogo yaliwe siku hiyo.

Najua hoja inayokuja. Mtu atasema: mimi nina familia, hela ni ileile, kwa nini nimlipe mkulima zaidi? Sikuombi umlipe zaidi. Bei ya msimu iko chini tayari, na anayepika kwa msimu anatumia fedha kidogo kuliko anayefukuzia nyanya wakati wa ghali. Ninachokuomba ni usiitumie hofu yake ya hasara kumpora. Patana naye, ndiyo desturi yetu na ina raha yake, lakini ukifika bei ya haki, lipa. Jioni anapotaka kurudi Muheza na tenga moja limebaki, nunua kwa bei ya jioni bila kungoja akate tamaa.

Wachuuzi wa sokoni nao siwasahau. Wanaamka saa tisa usiku kupokea mzigo, wanalipa ushuru, wanabeba hasara ya kinachooza. Bila wao mji haungekula. Lakini mkulima anayetaka kuuza mwenyewe anafika sokoni hana meza, hana kivuli, hana anayemjua, na mara nyingi anaishia kumuuzia dalali pale pale mlangoni. Ningependa tuwe na asubuhi moja kila wiki, mahali pamoja penye kivuli, maji na choo, ambapo aliyevuna mwenyewe anakaa nyuma ya mazao yake na kulipa ushuru mdogo. Magulio ya Usambara yamekuwa yakifanya hivyo siku zote: siku inajulikana, watu wanashuka na mizigo yao kichwani, anayenunua anamtazama usoni aliyelima. Mji unaweza kujifunza kwa kijiji katika hili.

Na tusiseme haiwezekani Tanga. Kwenye maziwa tumeweza. Wafugaji wadogo wa mkoa huu, wenye ng'ombe wawili watatu, walijiunga katika vyama vya ushirika, wakapeleka maziwa yao kwenye vituo vya kukusanyia, na kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh kikayafanya yajulikane nchi nzima. Mfugaji akapata pa kupeleka maziwa yake kila asubuhi, mvua au jua. Machungwa yanahitaji watu walewale, wenye subira ileile. Kinachokosekana zaidi ni vyama vyenye nguvu na mitambo midogo ya kukamua iliyo karibu na mashamba, ili chungwa lisilo na sura ya sokoni nalo liwe na bei.

Wakati tunasubiri hayo, sehemu moja tunaweza kuanzia mwezi huu, nayo ni shughuli zetu. Harusi, maulidi, hitima, vikao vya familia. Tunakodi viti, tunapika pilau la sufuria kubwa, kisha mezani tunapanga juisi za pakiti na soda huku machungwa yamejaa barabarani. Kamati za sherehe zinaweza kuagiza moja kwa moja kwa mkulima au kikundi cha wakulima, siku tatu kabla, kwa hesabu ya mamia. Kwa glasi ya kawaida weka machungwa matatu hivi, mawili kama ni makubwa. Yaoshwe jioni, yakamuliwe alfajiri ya siku yenyewe kwa sababu juisi ikilala bila barafu huchachuka. Kamua bila kusaga kokwa, zinaleta uchungu. Tia tangawizi kidogo kama wenyeji wanaipenda, na msitie sukari kabla ya kuonja, maana ya mwezi wa saba na wa nane mara nyingi haihitaji. Fedha ya machungwa ilipwe siku mzigo unapofika, isingoje michango ya sherehe ikamilike.