Mjomba Alivyopatana Bei Huku Kashikwa Kanzu

Mjomba wangu alitaka gari la familia, nami nilitaka aone kwamba mpwa wake anayajua magari. Basi Ijumaa baada ya swala tukaingia yadi moja ya Kinondoni, yeye na kanzu nyeupe iliyonyooshwa mpaka inakata, mimi na tochi mfukoni.

Gari lenyewe Toyota Voxy, umbo lile lililoanza 2007, toleo maalumu la Kirameki. Kirameki ni Voxy ile ile iliyovishwa nguo za bwana harusi: nikeli mbele, nikeli nyuma, siti za kuringia. Hatari yake kwa mnunuzi wa mtumba ndiyo hiyo, macho hushiba kabla boneti haijafunguliwa. Injini yake, 3ZR ya lita 2, haina neno sana, timing yake ni ya cheni, si ya mkanda. Mimi naogopa giaboksi, CVT ile, otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, isiyotaka kumwagiwa oili yoyote tu. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani, maana gari lililogongwa likatengenezwa huandikwa R mahali pa namba ya daraja. Muuzaji akasema inakuja. Mpaka leo iko njiani.

Kila aliponiona nainama kumulika chini, aliwasha kitu kingine. Runinga ya darini. Taa zote. Feni za nyuma. Redio, ambayo ya Kijapani huishia FM 90, kwa hiyo stesheni nyingi za mjini haishiki. Injini imezimwa muda wote huo. Dashibodi nayo ikatoa sauti ya dada, Kijapani kitupu, kwa upole wa ajabu.

"Waalaikumu salaam," mjomba akaitika.

"Anawakaribisha, mzee wangu," muuzaji akasema.

Dada alikuwa analalamika kwamba kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kwao, haijachomekwa. Hulalamika hivyo kila gari likiwashwa. Sikuona sababu ya kumharibia mjomba starehe.

Ndipo ukaja mlango wa umeme. Muuzaji akasimama mbali, akanyoosha rimoti kama imamu wa miujiza, mlango ukateleza wenyewe ukafunga, akapiga na loki juu yake. "Ukikutana na kitu unarudi," akasema. Kweli, hurudi ukikutana na mkono au goti. Pindo la kanzu haukulihesabu kuwa kitu.

Mjomba akataka kugeuka, akarudishwa. Muuzaji akabonyeza rimoti: kimya. Akabonyeza tena: kimya. Gari lilikuwa na kila kitu, betri tu ndiyo iliyokuwa imekwisha.

Nawaambia, silaha ya mnunuzi ni miguu. Unataja bei yako, unakataliwa, unaondoka taratibu mpaka uitwe. Sasa mjomba akataja milioni 20, muuzaji akasema 23, mjomba akafoka "Basi, siku njema!" na akabaki pale pale.

Muuzaji hakuwa mjinga. "Mzee, naona umelipenda."

"Silipendi!"

"Mbona huondoki?"

Vijana wa yadi wakakusanyika kutoa ushauri. Mmoja akashauri wembe, mjomba akamtazama mpaka akarudi kuosha magari. Jua lilipompiga vizuri utosini, nikamsikia anasema 22 na nusu kwa sauti ya mgonjwa.

Nikamnyang'anya muuzaji rimoti. Rimoti hizi za Toyota zina ufunguo wa chuma uliojificha ndani, unasukuma kidude pembeni unachomoka. Nikafungua mlango wa dereva, nikatambaa juu ya siti za kuringia hadi nyuma, nikainua loki kwa kidole, kijana akauvuta mlango kwa nje. Ukafunguka kwa mkono kama wa daladala.

Mjomba akatoka na mstari wa grisi kwenye pindo.

"Tuandikishane ile 22 na nusu," muuzaji akasema, kalamu tayari.

"Ile aliisema mateka," mjomba akajibu. Akakunja kanzu mpaka magotini, akaishika kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua tatu kutoka gari lilipo. "Kumi na tisa. Na betri mpya."

Safari hii akaondoka kweli. Alifika getini ndipo akaitwa.